Taa za Stesheni ya Viti

Uswidi, 9 Februari 1992

Kwa mke wangu Mwanasaumu,

Salaam aleikum. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu: wewe, mama, na Mwanarehema wetu. Nimefika salama, na baridi imenipokea mlangoni. Theluji ni kama tunavyoiona pichani, ila picha haiumi masikio. Kampuni imenipa koti linalonifika magotini na viatu vya kwendea vitani. Chakula kizuri. Nalala vizuri.

Sasa nikueleze kiwanda, maana ndicho kilichonileta. Kwetu Changamwe lori lilikuwa likizaliwa kwa foleni: laini moja ndefu, filimbi moja, swichi moja mkononi mwa Mutua msimamizi. Mutua akienda msalani, kiwanda kizima kinamngoja. Huku hakuna foleni. Kuna vikundi, na kila kikundi kina uwanja wake, zana zake na sanduku lake la umeme lenye akili yake. Sanduku haliulizi ofisini. Linauliza jirani yake tu: uko tayari? Aliye tayari anabonyeza, taa inawaka kijani, kazi inapita. Asiye tayari anawasha nyekundu, na wengine wanaendelea na yao. Hata wakitaka kukihamisha kikundi kizima upande wa pili wanakihamisha, kama wewe na viti vyako vya sebuleni kila ikikaribia Idi.

Ndivyo nilivyowafungia masanduku yenu hapo Changamwe kabla sijaondoka, ila wakati ule nilikuwa nafuata michoro. Sasa nayaona yakifanya kazi, na nasikia raha ambayo siwezi kukueleza.

Jambo moja limenichekesha. Kwenye winchi inayoteremsha kichwa cha lori juu ya chasisi, kijani chao kina vitufe viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, mbalimbali, na lazima uvibonyeze kwa pamoja. Yenu nimewawekea kimoja. Nikamwuliza mwalimu wangu, mzee mmoja aitwaye Torsten, mbona mnapoteza kitufe? Alininyooshea mikono yake miwili, akakunjua vidole, akavikunja, akaenda zake kunywa kahawa. Kumbe wazee wa huku nao wana mafumbo.

Niambie kikundi chako, stesheni ya kufunga viti vya lori, kinaendaje. Wewe ndiwe kiongozi wao, usikubali wakuchezee. Na ukibanwa, mke wangu, washa nyekundu. Ndiyo kazi yake.

Mumeo,
Mwidani


Likoni, 1 Machi 1992

Baba Mwanarehema,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisomea kwenye feri hadi watu wakanisukuma nishuke. Sisi huku wazima sote, mama hajambo, mwanao hajambo, hofu ni kwako wewe uliyetiwa kwenye barafu kama samaki wa kuuza.

Masanduku yako yameleta ufalme. Kila stesheni sasa ni sultani wa mtaa wake. Mutua maskini azunguka na filimbi shingoni, hana pa kuipuliza. Juzi nilimwona akimpulizia paka.

Lakini hiyo nyekundu ina mambo yake. Wiki ya kwanza mzee Kazungu wa stesheni ya springi aliishiwa na boliti, akawasha nyekundu kama ulivyotufundisha. Bwana we! Stesheni zote ziliacha kazi, watu wakaenda kumpa pole. "Pole mzee, kumekuwaje? Umeumia? Nyumbani salama?" Mwengine akamletea na chai. Kama matangani. Mzee wa watu alitahayari hadi akakosa pa kuyaweka macho. Tangu siku hiyo springi ni kijani asubuhi hadi jioni, boliti ziwepo zisiwepo. Nilipomtania akaniambia, "Mwanangu, mtu akikuuliza hali, mjibu njema kwanza. Shida huelezwa watu wakishakaa."

Na sote tumeona ni kweli, maana ndivyo tulivyolelewa. Sasa sanduku likiuliza, sisi twajibu njema, kisha twakimbizana kuifanya hiyo njema iwe njema. Ungetuona ungecheka.

Mfungo unakaribia. Wakubwa kutoka Nairobi watakuja katikati ya mfungo kuyatazama masanduku, waamue kama kiwanda kizima kifuate mtindo wako au turudie filimbi. Usiwe na wasiwasi. Siku hiyo, wallahi, taa yako haitakutia aibu mbele za watu maadamu mimi nipo.

Kadzo wa stesheni ya chasisi, jirani yangu, akusalimu. Auliza hiyo theluji huuzwa kwa kilo ama kwa debe.

Mkeo,
Mwanasaumu


Uswidi, 22 Machi 1992

Mke wangu Mwanasaumu,

Salaam. Mimi mzima, nafunga, nafuturu kwa mkate na tende. Habari ya mzee Kazungu nimeicheka hadi jirani akagonga ukuta. Asubuhi nikaamka nikaikumbuka tena, na kicheko hakikuja.

Nisikilize. Zamani Mutua ndiye aliyekuwa jicho letu. Alikuwa jicho bovu, lakini alikuwepo, akipita akitazama kabla hajaigusa swichi. Jicho hilo nimeling'oa mimi. Winchi iliyo baina yako na Kadzo haioni. Inajua jambo moja tu: taa yako kijani na taa yake kijani. Zikiwaka zote mbili inateremsha kichwa cha lori, na uzito ule unaujua. Kwetu mtu akikujibu njema unamtazama usoni, ukiona uso haukubaliani na mdomo unamwuliza tena, "Njema kweli?" Sanduku halirudii swali.

Huku nyekundu haina matanga. Anakuja mtu mmoja, anasema ahsante, wanatengeneza, basi. Hiyo ahsante nimeisikia kwa masikio yangu. Waambie wenzako. Na siku ya wageni usinisitiri, tafadhali. Afadhali warudie filimbi yao.

Jambo la pili. Nilikuwa nirudi Juni, sasa wananiomba nikae hadi Desemba nijifunze kuyaandikia masanduku hiyo akili yao. Sijatia sahihi. Nakuuliza wewe kwanza. Ukiniambia mko salama na mtaweza, nitabaki. Ukisema rudi, narudi, na sitakulaumu hata siku moja.

Mumeo,
Mwidani


Likoni, 26 Aprili 1992

Mume wangu Mwidani,

Salaam nyingi, na Idi njema iliyopita. Mwandiko huu usikushtue, ni wa Kadzo. Mimi kidole cha mkono wa kulia kimefanya jipu, na jipu halipatani na kalamu. Mimi nasema, yeye aandika, na nimemkanya asitie yake.

(Sitii yangu, shemeji. Nakusalimu tu. Kadzo.)

Barua yako ilifika wageni wameshakwenda. Walikuja, wakatazama, wakapiga makofi. Taa zote zilikuwa kijani. Meneja aliwaambia, masanduku haya ni kazi ya fundi wetu Mwidani, yuko ng'ambo, na jina lako likatajwa mbele ya watu wenye tai. Wamekubali kiwanda kizima kifuate mtindo wako. Basi furahi.

Mchana wa Likoni nilikuwa nimeusahau ulivyo. Feri ikipiga honi saa nne waisikia hadi jikoni, na muuza samaki hupita mara mbili, kwenda na kurudi. Mama apika, mimi namtazama. Mwanarehema sasa asuka nywele zake mwenyewe. Njia zimempinda kidogo, lakini akazana.

Tia sahihi, baki. Sisi tuko salama, hakuna shida yoyote. Ukirudi sasa watu watasema umeshindwa, na mimi sitaki uambiwe hivyo.

Mkeo,
Mwanasaumu


Uswidi, 17 Mei 1992

Mke wangu,

Salaam. Nimetia sahihi kwa kuwa wewe ulisema. Hadi Desemba, inshallah. Lakini tangu siku ile moyo wangu hautulii, na bora nikwambie kwa nini.

Kwanza, jipu. Jipu ninalolijua mimi huiva, hupasuka, hupona. Lako lina muda gani? Pili, honi ya saa nne. Saa nne wewe unatakiwa uwe Changamwe, si jikoni Likoni. Nilipiga simu kiwandani nikampata Mutua. Nikamwuliza, stesheni ya viti vipi? Akasema, "Kijani tu, fundi, kijani tu." Nikamwuliza, na mke wangu hajambo? Akasema, "Njema," upesi sana, kisha simu ikakatika. Sijui ilikatika au ilikatwa.

Tatu, hesabu za masanduku yenu hutumwa huku, nami nilimwonyesha Torsten kwa kujivuna: tangu wageni waondoke hakuna nyekundu hata moja, kiwanda kizima. Nilidhani atanipa mkono. Alizitazama, akaniuliza, "Watu wako hawapati hata mafua?"

Naogopa kuuliza, lakini nitauliza. Kama kuna mtu amekuletea maneno kwamba nina mwanamke huku, ni uongo, wallahi. Mwanamke anayenifahamu huku ni mmoja tu, muuza mikate, naye hunipa mkate wangu akiangalia dirisha. Umeacha kazi kwa hasira? Umeacha kuniandikia kwa mkono wako ndiyo iwe adhabu yangu? Nipe adhabu nyingine. Mwandiko wako ndio uso wako kwangu huku, na sasa ni miezi sijauona.

Mumeo,
Mwidani


Likoni, 7 Juni 1992

Mume wangu,

Salaam. Hakuna aliyeniletea maneno. Kazini nimepumzika kidogo kwa kuwa mama alikuwa na homa. Jipu linapona. Usipige simu kiwandani, wawasumbua watu na kazi zao. Soma ulichoendea kusoma. Sisi huku wazima, hofu ni kwako.

Mkeo,
Mwanasaumu


Mtopanga, 7 Juni 1992

Shemeji Mwidani,

Shikamoo. Leo nimekuandikia barua mbili. Ile ya kwanza imetoka kinywani mwa mkeo, nikaiandika neno kwa neno. Hii ni yangu, na yeye hajui.

Niliapishwa kwa Msahafu nisikwambie, na mimi si Mwislamu. Akaona haitoshi, nikaapishwa na kwa Biblia. Kwa hivyo habari ya mkeo sikuambii, hata ungekuja hapa ukanipigia magoti.

Lakini siku ile ulipokuwa ukitufungia masanduku, ulisema neno. Ulisema, ukiona taa ya jirani yako ni kijani na wewe wajua si kijani, usigombane naye, usimngoje, washa nyekundu yako wewe. Nilikuuliza, hata kama kwangu hakuna ubovu? Mutua akacheka. Wewe hukucheka. Ulisema, hata kama kwako hakuna ubovu.

Basi shemeji, kwangu hakuna ubovu. Nawasha nyekundu.

Kadzo


Uswidi, 25 Juni 1992

Mwanasaumu,

Kuna taa imewaka. Aliyeiwasha hakunieleza sababu, wala hakuvunja kiapo chake chochote, kwa hivyo usimguse.

Jua la huku majira haya halitaki kuchwa. Mtu hapati hata giza la kufichia uso. Nimekaa na barua zako zote kitandani, nimezisoma kutoka mwisho hadi mwanzo, na kila mahali ulipoandika tuko salama nimeona kaburi. Nimemzika mama. Nimemzika mtoto. Nimekuzika wewe, kisha nikakumbuka kuwa wewe ndiwe unayeandika, nikalia kwa furaha kama mwendawazimu.

Sikuulizi hali. Nikikuuliza utanijibu njema, na kosa litakuwa langu mimi niliyeuliza. Nakuomba neno moja tu kwa mwandiko wako, hata liwe baya namna gani. Mimi sifanyi kazi. Nimemwambia Torsten nimesimama, naye hakuniuliza nimesimama kwa nini. Alisema ahsante.

Mwidani


Likoni, 12 Julai 1992

Baba Mwanarehema,

Mimi si mzima.

Huu ni mkono wa kushoto. Nimejifunza na mwanao mezani, yeye akifanya hesabu zake, mimi herufi zangu, na yeye hunisahihisha. Mkono wachoka upesi, kwa hivyo nitasema moja kwa moja.

Ilikuwa siku ya wageni. Kichwa cha lori kilikuwa kimening'inia kwenye winchi, viti nimeshavifunga, chasisi ya Kadzo ikingoja chini. Taa ya Kadzo ilikuwa kijani, na yake ilikuwa ya kweli. Yangu bado. Boliti moja ya kiti ilikuwa imetokeza chini ya sakafu, na kichwa kisingekaa sawa. Nilipitisha mkono wa kulia kwa chini niizungushe. Ilikuwa inatoka. Ilibaki kidogo tu.

Wageni wakafika. Meneja akawaambia, haya ni ya fundi wetu Mwidani. Taa zote ukumbi mzima kijani, yangu peke yake haikuwaka. Mmoja akauliza, "Hii mbona imelala?" Nikaona aibu. Si yangu, aibu yako. Nikafikiri, winchi huvuta pumzi kwanza kabla ya kushuka, nitakuwa nimeshautoa mkono. Nikanyoosha wa kushoto nikabonyeza.

Haikuvuta pumzi.

Sikupiga ukelele. Niliuma mtandio. Wageni walikuwa wameshageuka kwenda kwa mzee Kazungu, na wakipiga makofi. Kadzo ndiye aliyeona uso wangu, akawasha nyekundu yake, akaipandisha winchi. Hospitalini walinifuturisha kwa dawa. Vidole vitatu wamevikata. Viwili vipo, lakini havishiki sindano wala kijiko. Meneja aliwaambia wote wasikuandikie, usije ukavurugika masomo, na mimi nikamshukuru. Mutua alikuja hapa nyumbani akalia mbele ya mama.

Mashine yako haina kosa. Ilifanya ilivyoambiwa. Mimi ndimi niliyeidanganya. Nilikusitiri wewe kwa wageni, kisha nikajisitiri mimi kwako. Niliona ukijua utasema ni sanduku lako lililonikata, na hutaligusa sanduku tena maisha yako. Ndiyo nikasema jipu.

Nilikwambia ubaki. Nilipomaliza kumtamkia Kadzo lile neno, baki, nilikwenda uani nikaomba Mungu usinisikilize. Nilitaka urudi tangu siku ile. Nataka urudi sasa. Siwezi kumsuka mtoto. Siwezi kufunga leso yangu mwenyewe, mama hunifunga kama mtoto wa juzi. Watu wakija kuniuliza hali nawajibu njema hadi shavu laniuma.

Rudi.

Mwanasaumu


Uswidi, 26 Julai 1992

Mke wangu Mwanasaumu,

Ndege ni tarehe kumi na tano Agosti. Ya kabla ya hapo sikuipata, na nimeitafuta. Sahihi nimeifuta. Wakubwa wamekasirika, wacha wakasirike.

Na mimi si mzima, tangu Februari. Chakula cha huku hakinipiti kooni. Nalala vipande vipande. Mfungo mzima nilifuturu nimesimama, kwa kuwa kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Nilikuandikia chakula kizuri na nalala vizuri siku ile ile niliyokuwa na homa ya kutetemeka. Kwa hivyo usidhani ni wewe peke yako uliyebonyeza kijani.

Umesema mashine haina kosa, ilifanya ilivyoambiwa. Lakini mimi ndimi niliyeifundisha kuridhika na mkono mmoja. Nilionyeshwa, Mwanasaumu. Wiki ya kwanza tu nilionyeshwa, kwamba vitufe ni viwili ili mikono yote miwili iwe nje ndipo winchi ishuke, nikakuandikia wewe nikicheka. Nimerudi kwa Torsten nikamweleza yote. Alikwenda stoo akarudi na vitufe, akavifunga kwenye kitambaa, akanitilia mfukoni.

Nitavifunga kwenye winchi yenu kabla sijafanya kazi nyingine yoyote, kimoja kushoto, kimoja kulia. Najua maana yake kwako, nimeifikiri sana. Ukitaka kurudi stesheni ya viti, hutaweza tena kuiwasha kijani peke yako. Cha kushoto utabonyeza wewe. Cha kulia atakuja kukibonyeza Kadzo, akishakutazama usoni.

Leso nitakufunga mimi. Kusuka sijui, Mwanarehema atanifundisha kama alivyokufundisha wewe kuandika, na njia zikipinda zipinde.

Siku hiyo nitabisha hodi na nitakuuliza hujambo, maana ulimi umezoea. Usinijibu upesi. Mzee Kazungu alikwambia shida huelezwa watu wakishakaa. Nakuja tukae.

Mumeo,
Mwidani